Viti Vitatu na Mkeka Mmoja

"Hodi!"

Nyumba ya Mzee Chande pale Ujiji ilikuwa na milango miwili, na kila mtu alijua wake. Wa mbele ulikuwa wa wageni, wahubiri na watu wa sensa. Wa uani ulikuwa wa wenyewe. Ndiyo maana hodi ilipopigwa mlango wa mbele asubuhi ile, Mwanakombo alijitanda vizuri mtandio wake, akamwamrisha binti yake Yasmini aondoe nguo zilizorundikana kwenye kochi, kisha akafungua kwa uso ule anaouweka kwa watu asiowajua.

Aliyesimama kizingitini alikuwa Marcelina, Mama Elia, jirani wa nyuma.

"Hodi hapa," Marcelina akarudia. Alivaa gauni lake la kanisani na viatu vya kufunika, mkoba kaubana kwapani.

"Mama Elia! Kwani uani kumefungwa?"

"Sijui. Sikupita huko. Mimi ni mgeni."

Mwanakombo akacheka, akidhani ni utani. Marcelina hakucheka. Aliingia, akasimama katikati ya sebule mpaka alipoonyeshwa pa kukaa, kisha akakaa kwenye ncha ya kochi, magoti pamoja, kama mtu aliyekuja kuposa. Huyu ndiye mwanamke ambaye jana yake tu alikuwa ameingia kwa mlango wa uani bila salamu, akafunua sufuria ya watu, akaonja, akaongeza chumvi, akafunika, akaenda zake.

"Utakunywa nini?" Mwanakombo akauliza, kwa kuwa hakujua aulize nini kingine.

"Chochote mnachowapa wageni."

Soda ikaletwa. Marcelina alikunywa nusu, akaiacha nusu kwa adabu, kisha akafungua mkoba na kutoa kadi yenye maua ya waridi pembeni. "Nimekuja kushukuru kwa mwaliko," akasema. "Nikodemu wa bodaboda kaniletea jana jioni. Hata hongera akanipa."

Yasmini aliitambua kadi ile kabla hajaishika. Ni yeye aliyezitengeneza zote, kwa kompyuta yake mwenyewe, kwenye kibanda chake cha steshenari. Aliichukua, akaisoma. *Bw. Chande na Bi. Mwanakombo wa Ujiji wanayo furaha kumwalika Bi. Marcelina katika ndoa ya binti yao mpendwa Hasna, siku ya Ijumaa, saa kumi jioni. Tafadhali njoo na kadi hii. Ni ya mtu mmoja.*

"Nimeona niulize mapema," Marcelina akaendelea kwa sauti ya upole iliyokuwa mbaya kuliko matusi. "Wameandika mtu mmoja. Sasa huyu Elia wangu ana kadi yake, au atanisubiri nje?"

Mlango wa chumba ukafunguka, Hasna akatokeza, uso wote umepakwa liwa, macho tu ndiyo yanaonekana. "Mama, mbona umekaa sebuleni? Njoo huku unione nilivyo."

"Bibi harusi," Marcelina akasema. "Hongera sana."

Hasna akabaki ameshika kitasa. Tangu apate akili, mwanamke huyu hajawahi kumwita jina lingine zaidi ya mwanangu. Chozi likateremka, likachora njia katikati ya liwa.

Ni lazima lisemwe hapa, maana Ujiji nzima inalijua. Hasna alipozaliwa, Mwanakombo aliugua hata kuitwa wa kufa, akalazwa, na mtoto akabaki nyumbani akilia. Marcelina, Muha wa Kidahwe aliyekuwa amepanga nyumba ya nyuma na mumewe, alikuwa na Elia mchanga kifuani. Hakuuliza dini wala kabila. Alimweka Hasna titi la kushoto na Elia la kulia, akawalea hivyo mpaka Mwanakombo aliporudi akitembea kwa fimbo. Shehe mwenyewe alisema: huyu ni mama kwa maziwa, na watoto hawa ni ndugu, hawaoani. Toka hapo ikawa ahadi ya nyumba kwamba siku Hasna atakapoolewa, atakayemshika mkono kumtoa chumbani ni Mama Elia, si mwingine.

Sasa mama huyo kaletewa kadi. Na watu wa pwani ya ziwa pale Ujiji, Waislamu kwa Wakristo, wanajua: mwenye shughuli haalikwi. Ukimwalika, umemwambia kwamba shughuli si yake.

"Ijumaa saa kumi nitafika, kama kadi ilivyosema," Marcelina akasema akiinuka. "Leo nakwenda Kidahwe kutazama maharage yangu. Mgeni hana kazi kwenye nyumba ya watu."

Akatoka kwa mlango wa mbele, akazunguka mtaa mzima na viatu vyake vya kufunika, kwenda kwenye nyumba ambayo ua wake umeshikana na wa kwao.

Mwanakombo hakukawia. Alipenya pengo la uani kama kawaida, akamkuta Marcelina anafunga mzigo wa safari. Kabla hajatamka neno, akawekewa kiti. Akatandikiwa kitambaa kwenye meza ndogo. Mtoto wa jirani akatumwa soda.

"Shoga, acha mambo hayo," Mwanakombo akasema. "Kosa ni la kompyuta ya Yasmini."

"Kompyuta hainijui mimi," Marcelina akajibu. "Aliyeiambia ndiye anayenijua. Kunywa soda, mgeni wangu."

Mwanakombo akarudi nyumbani na soda ya wageni tumboni. Jikoni alikuta wifi yake Shadya, dada yake Chande, ameleta mzigo wa kuni, na wanawake wawili wa mtaa wananong'ona kuhusu Mama Elia kuonekana barabarani na gauni la Jumapili siku ya Jumanne. Walipomwona wakaanza kusifia hali ya hewa.

Chumbani kwa Hasna mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo.

"Hasna, fungua mwanangu."

"Sifungui. Sitoki humu mpaka Mama Elia aje kunitoa."

"Si kasema Ijumaa atakuja?"

"Atakuja kukaa kwenye kiti cha plastiki na kadi mkononi! Akikaa kwenye kiti, na mimi nakaa humu. Faridi na aoe hiyo printa ya Yasmini, maana ndiyo yenye shughuli."

Yasmini alisikia hayo akiwa kwenye korido, akatamani ardhi ipasuke. Tangu amalize chuo alikuwa akiwaambia watu wa nyumbani kwamba kadi za kuandikwa kwa mkono ni mambo ya zamani, kwamba yeye ataandika programu, majina yataingia upande huu, kadi zitatoka upande ule, na hakuna atakayesahauliwa. Maneno haya ya mwisho aliyasema mezani, mbele ya mashahidi.

Mzee Chande aliporudi kutoka mwalo wa Kibirizi, ambako alikuwa fundi wa injini za boti, alisimuliwa yote kabla hajanawa mikono. Alisikiliza akijifuta grisi.

"Baba, kompyuta imekosea," Yasmini akasema.

"Mwanangu, nimefungua injini miaka yote hii. Mashine haikosei, hukosewa. Mwite Elia."

Elia alikuwa mwalimu wa kompyuta katika shule moja ya sekondari huko Gungu. Alifika jioni hiyo hiyo, akapita uani, akafunua sufuria, akajipakulia wali na samaki mgebuka wa kukaanga, ndipo akasalimia. Yasmini alipomwona anakula alipata nafuu kidogo moyoni. Angalau mmoja katika nyumba ile alikuwa bado hajawa mgeni.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, mzee. Hasna, uko hai humo?"

"Niache!" ikajibu sauti ya mlangoni.

"Yuko hai," Elia akasema. Akaketi mkekani uani, akavuta kompyuta ya Yasmini mapajani. "Haya, bingwa. Nionyeshe ulivyonitukania mama."

Yasmini akamwonyesha mstari aliouandika kwa lugha ya Python, mstari aliouonea fahari kiasi cha kuupiga picha: *mwaliko(baba, mama, mgeni)*.

"Ni funksheni," akamweleza baba yake aliyekuwa akichungulia. "Ni kama fundi mdogo ndani ya kompyuta. Nampa jina la baba, la mama na la mgeni, yeye anaandika kadi."

"Ana viti vitatu tu huyu fundi wako," Elia akasema. "Wa kwanza kukaa anamwita baba, wa pili anamwita mama, wa tatu anamwita mgeni. Sasa niambie ulifanya nini."

"Mama alinikumbusha nisimsahau mama yako. Nikataka awe kwenye mstari wa wazazi. Basi nikajaribu kadi moja: nikaandika Chande, nikaandika Mwanakombo, halafu nikaandika Marcelina. Nikaona kimya, haikulalamika. Nikajua imemweka."

"Imemweka wapi?"

Yasmini akatazama mstari. Alihesabu kwa kidole. Kidole kilipofika kwa wa tatu, kikakataa kuondoka. "Kwenye kiti cha mgeni," akasema polepole.

"Ungeleta majina manne ingegoma. Ingekwambia, dada, viti vyangu vitatu, wewe umeniletea wanne. Bahati mbaya ulileta watatu, ikashukuru, ikachapa. Fundi hajui nani kanyonyesha nani."

"Na kadi ile nikaiacha chini ya rundo. Halafu nikazichapa za wageni wote, baba na mama walewale wawili. Nikodemu akaja akabeba rundo zima."

"Kwa hiyo," Mwanakombo akadakia, mkono kiunoni, "kwenye kadi za watu wote Marcelina hayumo. Kwenye ya kwake yumo, ila kama mpita njia."

"Ndiyo, mama."

Elia alikuwa anajaribu kutocheka, akashindwa, wali ukampalia. Mzee Chande akampiga mgongo. Hata Mwanakombo mdomo ulimcheza, ingawa aliurudisha haraka mahali pake.

"Sasa nikuulize, Yasmini," Elia akasema alipopata pumzi. "Hasna ana wazazi wangapi?"

"Baba, mama na Mama Elia."

"Na Baba Mdogo Luqman aliyenilipia shule?" ikauliza sauti ya mlangoni.

"Na Luqman," Yasmini akakubali.

"Na mimi je?" Shangazi Shadya akauliza kutoka jikoni, mwiko mkononi. "Nani alimsuka nywele mpaka vidole vikafa ganzi? Au mimi ni kuni tu hapa?"

"Na Shangazi Shadya."

"Na bibi yake wa Kigoma mjini," akasema Mzee Chande. "Mama yangu akikosa jina kwenye kadi, nyinyi mtaniona mimi?"

"Wangapi basi?" Elia akarudia.

"Sijui! Kila nikihesabu wanaongezeka."

"Hujui. Hilo ndilo jibu sahihi. Usipojua watakuja wangapi, usipange viti." Akasogeza kompyuta, akafuta sehemu ya mstari, akaandika upya taratibu ili wote waone: *mwaliko(\*wazazi, mgeni="Ndugu na Majirani")*. "Unaona hiyo nyota? Hiyo ni mkeka. Kiti kinasema mmoja, basi. Mkeka hausemi. Akija mmoja anakaa, wakija tisa wanasogeleana. Wote wanaitwa wazazi."

"Na mgeni?"

"Mgeni tumemwachia kiti chake, lakini sasa hakikaliwi kwa bahati mbaya. Ukitaka mtu awe mgeni, lazima useme kwa jina: mgeni ni fulani. Usiposema, kiti kinaandikwa Ndugu na Majirani, na yeye anaangukia mkekani pamoja na wazazi."

Yasmini akaurudia mstari ule kimyakimya. "Kwa hiyo asiyetajwa kuwa mgeni, ni wa nyumbani."

"Kwa kompyuta, ndiyo. Kwa mama yangu, mimi sijui. Yeye hana mahali pa kuweka nyota." Elia akasimama, akasuuza sahani yake. "Kesho nina vipindi asubuhi mpaka jioni. Nenda Kidahwe mwenyewe."

Kadi zikachapwa upya. Mwanakombo alilalamikia wino na karatasi kila ukurasa uliotoka, lakini Mzee Chande alisema chapa, na zikachapwa. Majina ya wazazi, yaliyokuwa mstari mmoja mwembamba, yakawa mistari mitatu, kisha minne, yakasukuma maandishi mengine chini, mpaka Luqman akalala juu ya ua la waridi.

Habari haikai mfukoni. Kabla ya adhuhuri mtaa ulikuwa umesikia kwamba kadi za kwa Chande sasa zina mkeka. Mwanamke mmoja alikuja kusema yeye ndiye aliyemtoboa Hasna masikio. Mzee mmoja akadai alimfundisha baiskeli, na kovu la goti la Hasna ndilo ushahidi. Mzee Chande ikabidi asimame mlangoni. "Jamani," akasema, "aliyempa mtoto pipi mara moja si mzazi!" Hata hivyo aliyetoboa masikio akaingia.

Yasmini naye alikuwa na kadi moja ya mwisho ya kutengeneza, ya Nikodemu wa bodaboda, aliyezunguka mji mzima mara mbili bila kununa. Aliiandika kwa haraka huku pikipiki ikimngoja nje, akaitia kwenye bahasha, akamkabidhi. Nikodemu akaisukumiza kwenye mfuko wa koti bila kuifungua, wakaondoka kuelekea Kidahwe.

"Roho inaniuma, dada," Nikodemu alisema njiani, akipaza sauti ishinde upepo. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi kidevuni, na watoto watatu wa kike. "Mimi nilisoma jina nikapeleka. Hata nikamwambia, mama, umealikwa, hongera. Akaniangalia! Nilidhani anaumwa."

Walimkuta Marcelina shambani, kainama, maharage makavu yamelundikwa kwenye turubai kando yake. Alivaa kanga mbili zilizochakaa. Bila gauni la kanisani alionekana ni yule yule wa siku zote, na Yasmini akapata moyo.

"Mwakeye, Mama Elia. Shikamoo," Yasmini akamsalimia, akianza na Kiha.

"Marahaba. Karibuni, wageni." Akamtazama Nikodemu, naye Nikodemu akaanza ghafla kukagua tairi la pikipiki.

Yasmini alifungua mkoba, akatoa kadi mpya, akampa kwa mikono miwili. Marcelina akajifuta vumbi, akaisoma yote, midomo ikicheza. *Bw. Chande, Bi. Mwanakombo na Bi. Marcelina*, yakafuata mengine. Akaisoma tena. Kwa kitambo uso ulilegea. Kisha ukafungika.

"Imependeza," akasema. "Na hii ndiyo ya kwangu?"

"Ndiyo, Mama Elia."

"Umeniletea kadi nyingine."

Ndipo Yasmini alipoona. Alikuwa amebadilisha fundi aliyemo ndani ya kompyuta, lakini yeye mwenyewe bado alikuwa na viti vitatu kichwani. Kasafiri mpaka Kidahwe kumletea mama kadi ya harusi ya mwanawe, kwa mara ya pili.

Alinyoosha mkono, akaichukua kadi mpya kutoka mikononi mwa Marcelina, akairudisha mkobani. "Sikukuletea," akasema. "Nimekosea tena. Nimekuja kuchukua ile ya kwanza."

"Mwaliko haurudishwi."

"Nirudishie, Mama Elia. Wewe hujaalikwa."

"We dada!" Nikodemu akaruka pale alipokuwa.

"Hujaalikwa, na hutaalikwa," Yasmini akasema. "Baba hajaalikwa. Mama hajaalikwa. Kwa nini ualikwe wewe? Mchele haujachambuliwa. Hasna kajifungia, hali wala hanywi, anakungoja. Wewe una shughuli nyumbani kwako, unafanya nini huku na maharage?" Akapiga hatua moja mbele. "Na si kompyuta. Niliisingizia. Ni mimi niliyepanga baba mmoja, mama mmoja, nikaona inatosha. Sikufikiri. Nisamehe."

Marcelina alikwenda polepole mpaka kwenye mkoba wake uliotundikwa kwenye mti wa mpera, akatoa Biblia, na ndani ya Biblia akatoa ile kadi, safi, bila kunjo hata moja.

"Iliniuma, Yasmini," akasema akiitazama. "Mbele ya mama yako nilijifanya ninakomoa, lakini iliniuma. Nilisoma pale mtu mmoja, nikajiona nimekuwa mmoja kweli. Mume wangu hayupo. Elia anahangaika na kazi. Nikasema, kumbe maziwa nayo yana mwisho wake, mtoto akikua watu wanasahau."

Yasmini alikuwa analia waziwazi sasa, na Nikodemu naye alipangusa jicho akisingizia vumbi la barabara.

"Chukua uchafu wako," Marcelina akasema, akamtupia kadi. Halafu akainua kichwa kama mbwa aliyenusa kitu. "Umesema mchele haujachambuliwa?"

"Bado."

"Na kuni?"

"Shangazi Shadya kanunua. Ila ni mbichi."

"Mawe!" Marcelina akamaka kwa Kiha, akashika kichwa kwa mikono miwili. "Mbichi! Oya, oya. Pilau ya watu wote hao na kuni mbichi! Mnataka kulisha wageni au kuwafukiza? Wewe Nikodemu, acha kulia, funga hilo gunia."

Walirudi mshikaki, watatu juu ya pikipiki moja: Nikodemu mbele, Yasmini katikati, Marcelina nyuma, na gunia la maharage limefungwa juu ya tangi. Njia nzima Marcelina alikuwa akitoa amri za jikoni, na upepo ukawapelekea wakazi wa kando ya barabara maagizo ya vitunguu wasiyoyahitaji.

Ijumaa ilipofika, hakuna aliyekuwa na shaka nani mwenye shughuli. Tangu asubuhi sauti ya Marcelina ilisikika uani, ikigawa kazi na lawama kwa usawa. Kuni mbichi zilirudishwa zilikotoka. Shangazi Shadya alinuna mpaka saa nne, kisha akapewa usimamizi wa nyama na akasahau kununa. Mwanakombo alitaka kuonja pilau akapigwa kofi la mkono.

"Nyumba yangu hii!" Mwanakombo akalalamika.

"Nyumba yako, sufuria yangu," Marcelina akajibu, na wote wawili wakacheka mpaka wakashikana mabega. Katikati ya kicheko Mwanakombo akasema, "Nilikuogopa, shoga. Nilikuogopa kweli." Marcelina akamkandamiza bega.

Ndoa ilifungwa msikitini baada ya Alasiri, Mzee Chande akamkabidhi Faridi mkewe. Nyumbani, sebule ilikuwa imejaa wanawake, wengine kwenye viti, wenyeji mkekani. Marcelina alinawa moshi, akajifunga kanga mpya inayofanana na ya Mwanakombo, akaenda mpaka mlango wa Hasna. Hakubisha. Ufunguo ukazungushwa kutoka ndani.

"Mama, Jumanne nilidhani hutakuja tena."

"Nani alikwambia niliondoka? Nyoosha shingo. Hivyo. Twende, mwanangu."

Akamshika mkono, Mwanakombo akashika wa pili, wakatoka. Vigelegele vilipasuka hata paa likadhaniwa litang'oka. Yasmini alisimama kando ya mlango, na furaha aliyokuwa nayo ilimfanya asahau kupiga picha, kazi pekee aliyokuwa amepewa siku hiyo.

Ndipo katikati ya vigelegele mlango wa mbele ukagongwa.

"Hodi! Hodi hapa, samahanini!"

Vigelegele vikakatika. Mlangoni alisimama Nikodemu, kavaa suti ya kuazima iliyomzidi mabega, uso kaugeuzia barabarani kwa adabu, maana sebule ilikuwa ya wanawake. Kwapani alikumbatia jogoo mwekundu. Mkono mwingine ulishika kadi.

"Samahanini," akarudia akiongea na barabara. "Jana ndiyo nimeifungua hii bahasha. Nadhani kuna makosa, lakini nikasema siwezi kuja mikono mitupu."

Yasmini aliipokea kadi, akasoma, akahisi yale ya Jumanne yakimrudia. *Bw. Chande, Bi. Mwanakombo, Bi. Marcelina, Bw. Luqman, Bi. Shadya*, yakaendelea mengine, na mwisho kabisa, *na Bw. Nikodemu, wanayo furaha kuwaalika Ndugu na Majirani*. Ile haraka ya pikipiki! Alikuwa ameandika jina bila kutaja kwamba huyu ni mgeni, nalo likaangukia mkekani.

"Kaka Nikodemu, nisamehe," akaanza, "ni mimi nime..."

"Kuna nini?" Marcelina akauliza, hajauachia mkono wa Hasna. Akanyoosha shingo, akaisoma kadi mikononi mwa Yasmini. Chini ya ushungi wake Hasna alikuwa tayari anatetemeka kwa kicheko.

"Nikodemu," Marcelina akaita.

"Naam, mama."

"Jina lako limeandikwa na wazazi au halikuandikwa?"

"Limeandikwa, mama. Ila mimi nilidhani..."

"Sasa mzazi gani anapiga hodi mlango wa mbele? Zunguka uani! Na huyo jogoo mpe Luqman amchinje, watu wana njaa."

Nikodemu akashukuru, akazunguka uani.